Bustrofedoni ni kitu gani wakuu?

Mdadisi01: Wakuu habari zenu, kuna neno linanichanganya. Nilikuwa nasoma mambo ya roboti za kusafisha sakafu nikakuta eti zinatembea kwa bustrofedoni, nikapita zangu. Juzi nasoma habari za maandishi ya Wagiriki wa kale nalikuta tena lile lile. Sasa roboti na mawe ya kale wapi na wapi?

KalamuKavu: Neno ni moja hilo mkuu. Ni Kigiriki, bous ni ng'ombe, strephein ni kugeuka, yani namna ng'ombe anavyogeuka akiwa analima. Maksai akifika mwisho wa shamba na plau harudishwi alikoanzia, anageukia hapo hapo anarudi na mstari wa pili. Na Wagiriki waliandika hivyo hivyo, mstari mmoja unaenda kulia unaofuata unarudi kushoto, na kwenye huo wa kurudi hata herufi zinageuzwa, E inatazama upande wa pili. Tafuta sheria za mji wa Gortyn, kisiwa cha Krete, karne ya 5 KK, zimechongwa ukutani safu 12, mistari kama 600 yote mtindo huo.

fundi_saketi: Roboti nayo inafika ukutani inageuka inarudi pembeni ya ilipopita, hairudii sehemu ovyo kwahiyo inaokoa chaji. Zile printa za zamani za nukta (zinazochora herufi kwa vinukta) pia nyingi zilichapa kichwa cha kuchapia kikienda na kikirudi. Halafu Marekani kwenye upimaji wa ardhi taunishipu moja (eneo la mraba la kupimia ardhi) ina viwanja 36, namba 1 mpaka 6 zinaenda magharibi, 7 inakaa chini ya 6 ndo zinarudi mashariki.

Mdadisi01: Aisee kumbe! Sasa Wagiriki mbona waliacha?

KalamuKavu: Wengi husema walikuwa wanahama tu toka mtindo mmoja wa kuandika kwenda mwingine, maana alfabeti waliitoa kwa Wafinisia, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, ambao waliandika kulia kwenda kushoto, wakapitia hapo katikati ndo wakatulia na kushoto kwenda kulia. Mi naona ni kurahisisha mno, zamani hizo walikuwa wanaandika pande zote, hapakuwa na foleni kwamba huu mtindo uishe ndo uje ule.

BintiWaNahau: Hiyo ya Wagiriki cha mtoto, kaangalieni rongorongo, maandishi ya zamani ya kisiwa cha Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) yaliyochongwa kwenye mbao. Ukimaliza mstari unageuza ubao wenyewe juu chini ndo uendelee na unaofuata. Na mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma, wanachojua ni pa kuanzia na wapi pa kugeuza 😂