Unga wa kuchezea unanata siku ya pili: nimekosea wapi?

MamaWawili:
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Jumamosi iliyopita niliwatengenezea wanangu unga wa kuchezea kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta ya kupikia na maji baridi niliyoyakadiria kwa macho. Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri: mkubwa, mwenye miaka 4, alifinyanga konokono 11 na kuwapanga kwa ukubwa. Kesho yake nilipofunua bakuli nilikuta donge limetoa jasho na linanata vidoleni kama gundi. Nilipoongeza unga likatulia kwa saa moja, kisha likarudia hali ileile. Konokono waliosahauliwa mezani nao wamepasuka na kuota chembe nyeupe mgongoni. Je, kosa ni la vipimo au la kuhifadhi? Naomba pia kujua kama lina hatari kwa mdogo wake, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, ambaye kila akishikacho hukipeleka mdomoni.

MwalimuWaAwali:
MamaWawili, uwiano wako wa unga na chumvi hauna kasoro. Kilichokosekana ni moto. Maji baridi hayaingii vya kutosha ndani ya chembe za wanga zilizomo katika unga, kwa hiyo mengi hubaki huru, na chumvi, ambayo kwa asili yake huvuta unyevu, huzidisha hilo jasho uliloliona. Ukipika, chembe hizo hufura na kuyashika maji, ndiyo maana donge lililopikwa huwa laini kama ndewe ya sikio na hukaa wiki kadhaa.

Kwa vikombe vyako viwili vya unga na kimoja cha chumvi laini, tia vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vya chakula vya mafuta na viwili vya maji ya limau au siki. Rangi ya chakula itangulie kwenye maji, kwa sababu ukiikanda baadaye itaishia kwenye viganja vyako. Koroga kabla ya kuinjika sufuria, hadi mabuje yaishe, kisha pika kwa moto mdogo ukisonga bila kuacha. Mwanzoni utaona kama uji, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaongeza unga, usiongeze. Baada ya dakika chache litaanza kuachana na kuta za sufuria na kujikusanya kwenye mwiko. Chukua kipande kidogo, kipoze, ukibonyeze: kisiponata, epua. Likishapoa kiasi, likande kama dakika tano, lakini lipasue kwanza kabla ya kumpa mtoto, kwani katikati hubaki na moto muda mrefu baada ya juu kupoa.

Zile chembe nyeupe ni chumvi tu. Maji yamekauka yakaiacha juu.

BabaMkandaji:
Namheshimu mwalimu, ila njia ya sufuria humfanya mtoto kuwa mtazamaji, na kwangu mimi kupima na kumimina ni nusu ya mchezo wenyewe. Sisi watoto hupima na kuchanganya vitu vikavu kwenye bakuli kubwa, kisha mimi peke yangu, wao wakiwa wamesogea mbali, humimina maji yanayochemka kidogo kidogo huku nikikoroga. Halidumu kama la jikoni, lakini halitoi jasho kama la maji baridi.

Jambo jingine: donge hili huzoa kila kitu. (Hata Play-Doh, donge la kuchezea linalouzwa madukani, ilianza nchini Marekani kama kitu cha kusafishia masizi kwenye karatasi za ukutani, kabla ya kuuzwa kama kitu cha kuchezea mwaka 1956.) Likishajaa nywele na makombo, litupeni. Likinasa kwenye zulia, msilisugue kwa maji. Liacheni likauke, kisha mlipukute kwa brashi.

Muuguzi_Mstaafu:
Nijibu kuhusu mdogo. Chumvi ni nyingi mno katika donge hili. Watoto wengi hulitema kwa ukali wake, lakini anayemeza kipande kikubwa anaweza kuzidiwa na chumvi mwilini, na akianza kutapika, kuwa na kiu isiyo ya kawaida au kulegea, apelekwe hospitali bila kusubiri. Mbwa wako hatarini zaidi, maana wao hawalitemi. Unga mbichi nao unaweza kubeba vijidudu kama salmonela, na hapo namuunga mkono mwalimu kuhusu kupika. Kwa umri wake, ningempa vikombe na vijiko vitupu akae pembeni ya kakake. Mtoto mwenye mzio wa ngano asiliguse kabisa.

MamaWawili:
Nawashukuru sana. Jana nimepika, na kweli ulipofika wakati wa uji mkono uliniwasha kuongeza unga, nikajizuia. Nimelihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana na leo asubuhi halikuwa na jasho hata tone. Mdogo amepewa vikombe vyake. Mkubwa amefikia konokono wa ishirini, na huyu ana pembe tatu.