Nzige na nyuki: ilikuwa lazima tumwage dawa ileile?

Mrina_Mwingi: Wadau, 2020 nzige walipofika huku Kitui dawa ikanyunyizwa, nzige wakafa sawa, lakini nyuki wangu nikawakuta wamelala chini ya mizinga. Mmoja anamaliza shamba mwingine analichavusha, kweli wote wauawe kwa dawa moja?

MamaWajir: Kaka wewe uliona mabaki ya nzige. Sisi kaskazini walituingia mwisho wa 2019 wakitoka Somalia, na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walisema kundi la kilomita moja ya mraba tu linakula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mbuzi wangu wangekula nini, nta? Na hiyo asali ya mizinga ya magogo mnayoililia yote inanuka moshi.

Mrina_Mwingi: Hapo kwa moshi sikubali!! Anayejua kurina anapuliza kidogo nyuki watulie basi. Asali inaharibiwa na wale wanaokamua masega pamoja na watoto wa nyuki.

Mizinga_Baringo: Mama hajakosea lakini. Gogo unakata masega nyuki wanaanza kujenga upya, Langstroth, ule mzinga wa kisasa wa sanduku, unatoa fremu, unakamua kwa mashine, unairudisha ikiwa nzima.

Mrina_Mwingi: Na bei yake je? Jirani alipewa za mradi mpaka leo nyuki hawajaingia.

Mizinga_Baringo: Aliziweka juani huyo.

Tunutu254: Jamani hoja ni nzige! Tunutu, yaani nzige mchanga, hana mbawa, anatambaa chini na wenzake, huyo ndiye wa kupigwa. Kuna dawa ya kuvu, Metarhizium, inaua jamii ya nzige na panzi, nyuki haiwadhuru, Somalia waliitumia. Sisi tunangoja wapate mbawa, waruke hata kilomita 150 kwa siku, ndio tuamke na fenitrothion, dawa ya kemikali ambayo kwa nyuki ni sumu kali.

MamaWajir: Hiyo kuvu inachukua siku nyingi kuua, na malisho hayangoji. Ukiwa na mifugo hutasema hivyo.

Mrina_Mwingi: Sawa mama, basi tuambiwe mapema! Dawa ipigwe alfajiri nzige wakiwa bado wametua mitini na nyuki hawajatoka, sisi tuwe tumefunga au kuhamisha mizinga. Hakuna aliyetuambia kitu.

Mizinga_Baringo: Gogo lililoko juu ya mgunga utalihamisha vipi usiku mmoja? Langstroth unaziba mlango unapakia.

Mrina_Mwingi: Unapakia kwa barabara gani? Wewe hujawahi kufika kwetu.