Shule ya msingi ya mtaani: nitajuaje kama inafundisha vizuri?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Tumehamia Coventry mwaka huu na kijana wetu wa miaka saba amepata nafasi Mwaka wa 3 kwenye shule ya karibu na nyumbani. Ofsted, wale wakaguzi wa shule wa England, waliipa alama ya "Nzuri" zamani kidogo. Jirani ananisisitiza nimhamishe kwenye ile ya ng'ambo ya barabara kuu yenye "Bora Kabisa". Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mtoto alikuja akijua kuzidisha na kugawanya, na sasa analeta karatasi za kupaka rangi. Nikimuuliza mwalimu, jibu ni lilelile: anaendelea vizuri. Naombeni ushauri.

Mama wa Coventry

---

Marahaba mdogo wangu, karibuni sana.

Hizo alama zisikunyime usingizi. Ofsted waliacha kutoa alama moja ya jumla kwa shule za serikali Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 ripoti zao mpya hupima kila eneo peke yake. Hiyo "Bora Kabisa" ya jirani, tazama tarehe yake. Kati ya 2012 na 2020 shule zenye alama hiyo zilisamehewa ukaguzi wa kawaida, na zipo zilizopitisha zaidi ya miaka kumi bila mkaguzi kuingia darasani. Mwalimu mkuu aliyesifiwa huenda alishastaafu.

Sasa turudi kwenye karatasi za kupaka rangi, maana hapo ndipo penye jambo. Watoto wetu wengi wakifika hawajui Kiingereza hukalishwa meza moja na wanaopata shida ya masomo, wakapewa kazi nyepesi, na wakishazoeleka pale hakuna anayewakumbuka. Mtoto akishaanza kucheza na kubishana na wenzake uwanjani, mwalimu huona lugha imekamilika. Haijakamilika. Kiingereza cha uwanjani huja ndani ya miaka miwili hivi, lakini cha kusomea sayansi na historia huweza kuchukua miaka mitano hadi saba. Hesabu hazina sababu ya kusubiri miaka yote hiyo! Anayejua kugawanya kwa Kiswahili anajua kugawanya. Na sheria ya watoto na familia ya 2014 inasema wazi kwamba mtoto hahesabiwi kuwa na tatizo la kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani kwao ni nyingine.

Kwa hiyo omba miadi na mwalimu wa darasa, kisha omba kuona madaftari. Fungua la hesabu kurasa za mwanzo, halafu za wiki hii. Kama alianza na kujumlisha hadi 20 na bado yuko hapohapo, umeshapata jibu. Tazama pia kama mwalimu ameandika swali la kumsogeza mbele na mtoto akalijibu chini yake. (Shule nyingine hurekebisha kwa mdomo, kwa hiyo kukosa wino si kosa lenyewe. Kazi ndiyo iwe inapanda.) Omba apewe hesabu za namba tupu, zisizo na maelezo marefu, mwalimu aone mwenyewe anachoweza. Akifika Mwaka wa 4, mwezi Juni kuna mtihani wa kuzidisha wa kompyuta, maswali 25, sekunde 6 kwa kila swali. Huyo wako anaweza kung'ara, ila lazima azoeshwe kasi.

Na "anaendelea vizuri" usiipokee hivyo. Uliza: kwa umri wake yuko juu, yuko sawa au yuko chini? Katika kusoma, kuandika na hesabu, kimoja kimoja. Mnamsaidiaje, na nani anamsaidia? Mwalimu anayemjua mtoto atakujibu bila kutafuta maneno.

Ukiona bado unataka kumhamisha, halmashauri itakueleza utaratibu wa kuomba katikati ya mwaka, na ukikataliwa una haki ya rufaa. Ukomo wa watoto 30 kwa darasa uliowekwa kisheria unaishia Mwaka wa 2, kwa hiyo rufaa ya Mwaka wa 3 ina nafasi kubwa kuliko ya wadogo. Lakini madaftari kwanza.

Dada yenu, Leicester

---

Naunga mkono. Nyongeza mbili tu. Tulioko Uskoti hayo ya Ofsted hayatuhusu, mfumo wetu ni mwingine kabisa, kwa hiyo wasomaji wa huku msichanganye. Pili, kile kitabu cha kusoma kinacholetwa nyumbani, mwache akusomee kwa Kiingereza, kisha akusimulie kwa Kiswahili. Asiyeelewa alichosoma hawezi kukisimulia, utajua palepale. Na msikubali kuambiwa muache Kiswahili nyumbani ili mtoto awahi Kiingereza.

Kaka wa Glasgow

---

Asanteni sana dada na kaka. Nimeomba miadi, nimepewa Alhamisi baada ya masomo, dakika kumi tu. Dada, kwa muda huo mfupi nianze na daftari la hesabu au la kuandika?

Mama wa Coventry

---

La hesabu, mdogo wangu. Waandikie leo walitoe kabla hujafika, dakika zisiishie kulitafuta kabatini. La kuandika omba kwenda nalo nyumbani siku moja.