Natafuta pampu ya maji na rejeta ya Pontiac GTO ya 1968

Swali: Mkazi wa Columbus

Ndugu zangu mafundi na wapenzi wa magari ya zamani, nawasalimu nyote. Ninaishi Columbus, Ohio, na nimo katika kazi ya kulirudisha katika hali yake gari la Pontiac GTO la 1968, lenye injini ya inchi za ujazo 400, yaani lita 6.6, na gia za otomatiki. Namba ya chasisi inaanza na 242, na Pontiac Historic Services wamenipatia nakala ya kumbukumbu za kiwandani, kwa hiyo nina hakika kwamba ni GTO halisi wala si LeMans, ndugu yake wa kawaida, iliyobandikwa nembo ya GTO. Bodi imekwisha kupigwa rangi, injini imefanyiwa ovaholi, na sasa nimefika kwenye mfumo wa kupoza, ambako nimekwama.

Gari hili lilikaa ghalani miaka mingi likiwa na maji matupu bila kulanti (dawa ya kupozea inayozuia kutu). Pampu ilishika kabisa isizunguke, bamba la chuma lililoko nyuma yake limeliwa na kutu hadi limetoboka, rejeta inavuja kwenye maungio ya tangi la pembeni, na kava la plastiki linalozunguka feni limepasuka. Niliagiza pampu mpya kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa kumtajia mwaka, jina la gari na ukubwa wa injini. Iliyokuja ina matundu 11 ya bolti, na kifuniko cha cheni ya taimingi kilichoko kwenye injini yangu kina matundu 8. Nilipomwandikia alishikilia kwamba orodha yake inasema pampu hiyo inaingia.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, ni wapi nitapata pampu sahihi pamoja na hilo bamba? Pili, je, rejeta hii ya shaba ifanyiwe ukarabati, au ninunue ya alumini na kusahau?

Jibu: Mzee wa Spana, Michigan

Ndugu yangu wa Columbus, muuzaji wako amekosea na wewe uko sahihi. Pontiac walibadilisha kifuniko cha mbele cha injini mwanzoni mwa msimu wa 1969. Injini za V8 za hadi 1968 zina pampu ya bolti 8, na za kuanzia 1969 zina pampu ya bolti 11. Wauzaji wengi huorodhesha spea kwa jina la gari na ukubwa wa injini, na kwa kuwa injini ya 400 iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, pampu ya baadaye huingizwa kwenye orodha ya magari ambayo haiwezi kuyakaa. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, hesabu matundu kwenye kifuniko chako mwenyewe, kisha uagize kwa hesabu hiyo. Jina GTO liweke pembeni.

Kuna faida nyingine ya kutafuta namna hii. Chevrolet walikuwa na injini za bloku ndogo na za bloku kubwa ambazo spea zake hazichanganyiki, ilhali V8 za Pontiac, kuanzia 326 na 350 hadi 400 na 428, zina umbo moja kwa nje. Pampu ya Catalina au Bonneville ya 1968, ambazo nazo ni Pontiac, ndiyo pampu yako. Ukiandika GTO kwenye tangazo la kutafuta spea, bei hupanda papo hapo. Ukiuliza spea ya Catalina ya milango minne, gari ambalo hakuna anayelililia, mwenye uwanja wa magari chakavu atakuuzia kifuniko, bamba, puli na mabano kwa pamoja. Muulize kama ana vitabu vya Hollander, ambavyo huonyesha spea ya gari hili inaingia kwenye gari gani jingine. Kwa magari ya umri huu, matoleo ya zamani yana thamani zaidi kuliko orodha za kompyuta.

Kwa spea mpya zilizotengenezwa kwa kufuata za asili, jaribu Ames Performance Engineering wa New Hampshire, ambao kazi yao ni Pontiac tu. Watakuuliza wenyewe idadi ya bolti.

Sasa nije kwenye hilo bamba, kwa sababu ndilo jambo ambalo fundi asiyezijua Pontiac hulipita bila kuligusa. Kazi yake ni kutenganisha maji yanayoingia kwenye pampu na yale yanayosukumwa kwenda kwenye bloku. Mapanga ya pampu yanapaswa kuzunguka karibu sana na bamba hilo bila kuligusa. Nafasi ikiwa kubwa, maji hurudi nyuma na kuzunguka palepale badala ya kwenda kwenye silinda, na gari litachemsha hata ukilifungia rejeta ya lori. Pampu nyingi za siku hizi zina mapanga ya bati lililokunjwa, na hayakai karibu na bamba kama yale ya asili ya chuma cha kusubu.

Upimaji wake ni rahisi. Bandika vidonge vya udongo laini wa watoto wa kuchezea juu ya bamba, mahali yanapopita mapanga, weka gasketi zote, funga pampu kwa bolti zake, kisha uifungue na upime unene wa udongo uliobaki. Ukipata zaidi ya milimita 1.5, toa bamba, liweke juu ya meza na uligonge taratibu kuzunguka lile tundu la katikati ili lisogee upande wa pampu, halafu upime tena. Ukishafunga, zungusha pampu kwa mkono na usikilize. Ikikwaruza hata kidogo, rudia.

Usisahau zile bomba mbili fupi zinazokaa kati ya bamba na kifuniko pamoja na mipira yake ya kuziba. Huuzwa kwa bei ndogo, na ukizifunga zile za zamani zilizoliwa, kazi yote ya kupima bamba imekuwa bure.

Jibu: Fundi Rejeta, Minneapolis

Mimi nilijifunza kazi ya rejeta Mombasa kabla ya kuja huku, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili tu.

Usiitupe rejeta hiyo. Magari ya General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ya wakati huo yalifungwa rejeta za Harrison, zilizotengenezwa Lockport, New York, na zile za asili zilibeba kibati kidogo chenye herufi za kuitambulisha. Kama kibati chako bado kipo, kipige picha, kisha mwombe fundi asikipoteze wakati wa kuchemsha na kusafisha matangi, maana watu watakaolikagua gari lako kwenye maonyesho hukitazama. Matangi yako ya shaba nyeupe yakiwa mazima, fundi atayafumua lehemu, atatoa kitovu (sehemu ya kati yenye mirija) kilichooza na kuweka kipya, kisha atayarudisha. Tangi kuvuja kwenye maungio mara nyingi ni lehemu iliyochoka, na hilo peke yake lisingenitisha. Ila kwa rejeta iliyokaa na maji matupu miaka yote hiyo, kushika lehemu tu bila kufungua ndani ni kujidanganya, kwa sababu mirija itakuwa imejaa chokaa na kutu.

Alumini si mbaya. Mirija yake ni mipana, ni nyepesi, na kwa mtu anayetaka kuendesha kila siku bila kujali maonyesho ni chaguo la busara. Tatizo ni mafundi wanaofunga rejeta ya alumini kwenye gari lenye waya mbovu za ethi, umeme ukapita kwenye maji na kuitoboa kwa muda mfupi. Kwa gari lenye karatasi za kiwandani kama lako, mimi ningebaki na shaba. Baada ya ukarabati, tumia kulanti ya kijani ya mtindo wa zamani, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), kwani baadhi ya kulanti mpya za muda mrefu hazipatani na lehemu yenye risasi. Mfuniko nao uwe mpya, wa paundi 15.

Ni kweli kwamba mafundi wa kazi hii wamepungua sana hapa Marekani, kwa kuwa rejeta za plastiki na alumini hutupwa tu zikiharibika. Waulize wanaotengeneza matrekta na malori ya mashambani, huko Ohio hawakosekani, nao watakuelekeza.

Jibu: Bin Saleh, Maskati

Ndugu, nakubaliana na waliotangulia, lakini nawaona wamelipita kava la feni haraka mno. Huku kwetu kiangazi joto hupita nyuzi 45, na magari ya Kimarekani ya zamani yana wapenzi wengi. Ninayoyaona yakichemsha kwenye foleni kisha yakapoa barabara kuu huwa hayana ugonjwa wa maji hata kidogo, yamekosa hewa. Kava limetolewa kwa sababu lilipasuka, au klachi ya feni, kifaa kinachoiunganisha feni na mzunguko wa injini, imekufa. Gari likichemsha kwa mwendo wa kasi, hapo ndipo ushuku rejeta, pampu au hilo bamba alilolieleza Mzee wa Spana.

Kava lako lililopasuka usiendeshe nalo. Tafuta jipya linalolingana na upana wa rejeta yako, na uhakikishe mapanga ya feni yanakaa nusu ndani ya kava na nusu nje. Klachi ya feni iliyo na michirizi ya mafuta usoni imekwisha. Hakuna sababu ya kuihurumia.

Mtu asikushauri pia uweke thamostati ya nyuzi 71 ili injini ipoe. Thamostati huamua injini ianze kupozwa ikiwa na joto gani, wala haiongezi uwezo wa rejeta. Ya nyuzi 82 inatosha.

Mkazi wa Columbus

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimehesabu tena na ni matundu 8 bila shaka, na nimeshamtaka muuzaji airudishe fedha yangu. Kibati cha rejeta kipo, kimefunikwa na rangi nyeusi. Nimepata pia mtu mwenye Bonneville ya 1968 iliyogongwa nyuma, naye yuko tayari kuniuzia mbele yote ya injini. Swali moja limebaki: kifuniko changu cha alumini kina vishimo vya kutu mahali inapokaa gasketi ya pampu. Je, nitumie cha Bonneville?

Jibu: Mzee wa Spana, Michigan

Kitazame kwanza kabla ya kulipa. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa gasketi na kuzunguka yale matundu mawili ya zile bomba fupi. Vishimo vyepesi hujazwa na mchomeleaji wa alumini anayejua kazi yake, kisha uso ukasawazishwa. Ukuta uliokonda hadi kuonyesha tundu ukatae, kwa sababu upande wa pili wa ukuta huo kuna oili, na maji yakivuka huko yataharibu beringi zote ulizofunga sasa hivi. Kati ya viwili hivyo utachagua kilicho kizima zaidi, na kingine ukitunze.

Wakati wa kufunga, kuna bolti moja ndefu inayovuta manifoldi ya juu (ile inayopeleka hewa na mafuta kwenye silinda) kuelekea kwenye kifuniko, mahali panapozibwa na mpira wa duara. Weka mpira mpya, shika bolti zote za manifoldi kwa mkono tu, kaza kwanza hiyo bolti ndefu hadi mpira ubanwe, ndipo ukaze nyingine. Ukianza na zile za pembeni, manifoldi haitasogea tena, na maji yatachuruzika hapo mbele siku ya kwanza utakapoiwasha.