Naomba ushauri: kolaji ya picha inafanya malengelenge na ubao unabetuka

Kolaji_Tanga
Wakuu, habari zenu. Nina kazi sita za kolaji zinazotakiwa kutundikwa mwezi ujao: picha za zamani za studio, nyeusi na nyeupe, pamoja na vipande vya magazeti, kisha rangi ya akriliki juu yake. Ukubwa ni sm 40 kwa 60, ubao ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 3, gundi ni ile nyeupe ya maseremala.

Karatasi inafanya malengelenge saa chache baada ya kubandikwa, na ubao wenyewe unabetuka pembe. Picha ninazohamisha kutoka kwenye nakala hadi kwenye ubao kwa asetoni zinatoka hafifu sehemu moja na kuchafuka sehemu nyingine. Vipande vya gazeti navyo vimeanza kuwa manjano. Je, tatizo ni gundi? Ninunue ipi? Na hizi picha halisi za familia, nizikate au nitoe nakala?

GundiNaMkasi
Mkuu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Usikate picha halisi hata moja. Zipitishe kwenye skana kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na uzihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Picha ya sm 10 kwa 15 hapo inakupa pikseli 2362 kwa 3543 hivi, na zinatosha kuchapa sm 20 kwa 30 kwa dpi 300 bila ukungu. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu iskani pamoja na kioo chake, maana ukiibandua kwa nguvu sura hubaki kwenye kioo. Tazama msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi, Kongo: katika mfululizo wake wa Mémoire wa mwaka 2006, watu wa picha za kumbukumbu za enzi za ukoloni wamesimamishwa mbele ya magofu ya migodi ya Katanga, na kazi yote imeunganishwa kwenye kompyuta.

Sasa malengelenge. Gundi yako haina neno, shida ni maji yaliyomo ndani yake. Karatasi ikinyonya maji hutanuka, tena hutanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Ukiibandika kabla haijamaliza kutanuka, inaendelea kukua ikiwa imeshashikwa pembeni, na haina pa kwenda ila juu. Kwa hiyo paka gundi mgongoni mwa karatasi, iache dakika 1 hadi 2. Itajikunja kwanza, halafu italegea. Ikilegea ndipo uibandike. Ubao nao uwe umepakwa gundi kidogo, tabaka jembamba. Anzia katikati, sukuma hewa kwenda nje kwa kadi ngumu ya plastiki, kisha pitisha chupa ya kioo kama unayesukuma chapati. Funika kwa karatasi ya nta, weka ubao mwingine ulionyooka juu yake na uzito wa kilo 10 hadi 15, ulale usiku kucha.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inataka sehemu 3 za gundi kwa sehemu 1 ya maji. Karatasi ya jarida inayong'aa usiiongezee maji kabisa.

Kubetuka ni habari ya upande wa pili wa kukauka. Karatasi ikikauka husinyaa na kuuvuta ubao, na mm 3 haziwezi kubishana nayo. Dawa yake ni kubandika karatasi ya aina hiyohiyo nyuma ya ubao, siku hiyohiyo, nyuzi zikielekea upande uleule. Kujua nyuzi zinaelekea wapi, kata kipande kidogo cha mraba, lowesha upande mmoja: kitajikunja kama bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Kwa kazi zijazo nunua plaiwudi ya mm 9 au 12, au gongomea vipande vya mbao nyuma ya MDF kabla hujabandika chochote. Ubao wowote ule upige primer (rangi ya msingi) ya akriliki mikono miwili, mbele, nyuma na kwenye kingo, ukipitisha msasa namba 220 katikati. Kingo za MDF hunywa unyevu kama sponji na watu wengi huzisahau.

TonaNyeusi
Nizungumzie asetoni. Kwanza hakikisha nakala yako imetoka kwenye mashine ya fotokopi au printa ya leza. Tona ni unga wa plastiki, asetoni huulainisha nao ukahamia upande wa pili. Nakala ya printa ya wino haitahama hata ukiisugua mpaka kesho. Mwambie mwenye duka aitoe ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, vinginevyo sura na maandishi vitatoka vimegeuka.

Hafifu maana yake asetoni ilikuwa chache au imechanganywa. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji na mafuta. Nunua asetoni yenyewe kwa wauza rangi za magari au maduka ya kemikali. Kuchafuka maana yake ilizidi, tona ikaogelea. Bandika nakala kwa utepe upande mmoja tu, uso ukiwa chini, ili uweze kuinua kona na kuchungulia bila picha kuhama. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue mpaka kisidondoke, panguza eneo la ukubwa wa kiganja, halafu sugua kwa mgongo wa kijiko sekunde 20 hadi 30 ukikandamiza sawasawa. Inua kona, tazama, endelea na kiganja kinachofuata. Asetoni huruka upesi, kwa hiyo usijaribu ukurasa mzima kwa mpigo.

Nahisi kosa lako jingine ni mpangilio. Unahamisha juu ya primer au rangi ya akriliki? Asetoni inayeyusha akriliki. Hamisha kwanza kwenye karatasi nzito isiyopakwa kitu, ndipo upake rangi. Msanii Njideka Akunyili Crosby wa Nigeria hujaza nguo, kuta na sakafu za picha zake kwa picha zilizohamishwa hivi, na msingi wake ni karatasi.

Ukilazimika kufanya juu ya primer, tumia jeli ya akriliki. Paka tabaka moja, laza nakala ya tona uso chini, toa hewa, acha saa 24, na wakati wa masika saa 48. Lowesha kwa sponji, viringisha karatasi itoke kwa ncha za vidole. Ikikauka utaona ukungu mweupe, hizo ni nyuzi zilizobaki. Lowesha na urudie mara 2 au 3. Usitumie gundi nyeupe ya kawaida hapa, itaachia mara maji yakiingia.

Na tafadhali, mlango na madirisha wazi, jiko la mkaa na sigara mbali. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Glovu nyembamba za hospitali haziizuii kwa muda mrefu, badilisha mara kwa mara.

Mchoraji_K
Kwa haraka mimi ningetumia gundi ya kupuliza, haina maji hivyo haivimbi. Juu unamalizia na vanishi ya samani.

FremuZaPwani
Mkuu Mchoraji_K, kwa kazi ya kutundikwa wiki moja sawa. Kwa kazi ya kuuzwa, naomba asifanye hivyo. Gundi nyingi za kupuliza huwa manjano na kuachia pembe kwenye joto, na vanishi ya samani yenye mafuta huwa rangi ya chai baada ya miaka michache, juu ya picha nyeusi na nyeupe inaonekana mara moja. Vanishi iwe ya akriliki, mikono 2 myembamba, na ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha pembeni. Nakala za printa ya wino hutiririka zikiguswa na brashi yenye maji, hizo zipulizie vanishi kavukavu mara mbili kabla ya yote.

Uji wa ngano kama gundi pia usiuguse kwa Tanga. Unashika vizuri na unabanduka kwa maji ukitaka, ila ni chakula cha mende, na ukungu unaupenda.

Gazeti linageuka manjano kwa sababu ya lignini, kitu cha asili cha mti kilichobaki kwenye karatasi yake, mwanga na hewa vinaichoma. Huwezi kuizuia kwa vanishi. Skani kurasa, chapa kwa tona au wino wa pigimenti kwenye karatasi isiyo na asidi, ubandike hiyo. Ukitaka ile rangi ya gazeti, ichape pamoja na sura.

Fremu: acha kazi ikauke walau wiki nzima. Kati ya kioo na kazi weka kipande cha kutenganisha cha mm 5, maana akriliki hugandana na kioo. Nyuma ya fremu bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Kolaji_Tanga
Asanteni sana. Ndiyo, nilikuwa nahamisha juu ya primer. Je, kazi mbili zilizokwisha kuvimba zinaokoka?

GundiNaMkasi
Zinaokoka kama hujazipaka akriliki nyingi. Gundi nyeupe hulainika kwa joto. Weka karatasi ya kuokea juu ya lengelenge, siyo ya nta kwa sababu nta itayeyuka, pitisha pasi bila mvuke kwa joto la chini kabisa sekunde 10, kisha kandamiza kwa kitu baridi na kizito mpaka kipoe. Jaribu kwanza pembeni: tona nayo hulainika. Lengelenge lisilo na gundi ndani lichane kwa wembe mpya kwa kufuata mstari uliomo kwenye picha, ukingo wa nguo au kidevu, ingiza tone la gundi kwa bomba la sindano, futa inayotoka, weka uzito.

TonaNyeusi
Kuna njia mbili zaidi ambazo hazihitaji kupigana na maji. Frida Orupabo, msanii wa Norway, hukata picha za miili vipande vipande, kisha huviunga kwa pini za karatasi za miguu miwili. Viungo vinaonekana, na hilo ni sehemu ya maana ya kazi. Ya pili ni ya Romare Bearden, msanii wa Marekani: mwaka 1964 alitengeneza kolaji ndogo, zikapigwa picha na kukuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, na nakala hizo kubwa ndizo zikawa kazi. Kwa muda ulionao, zile nne ambazo hazijaharibika endelea nazo hivyohivyo, karatasi ya nyuma ukiibandika leo. Mbili zenye malengelenge, kama pasi itagoma, zipige picha kwa taa mbili zilizowekwa digrii 45 kila upande, ufute vivuli vya mivimbo kwenye kompyuta, ukachape upya kwa ukubwa uleule.