Mguu wa Yamaha Enduro 40 haukai mpaka mwisho baada ya kubadilisha impela

mvuvi_pangani:
Wakuu, salaam. Mashine ni Enduro 40, injini ya Yamaha ya kufunga nyuma ya boti, mguu mrefu. Mguu wa chini umefunguliwa kubadilisha impela (gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji ya kupoza mashine), pampu ya maji imeshafungwa. Wakati wa kuurudisha shafti inapanda vizuri, kisha mguu unasimama na unabaki mwanya wa kama sentimita mbili. Bolti zinaweza kushika nyuzi za mwanzo. Je, nizikaze taratibu zivute mguu? Na rodi ya gia inaunganishwa kabla ya bolti au baadaye?

fundi_boti:
Usivute mguu kwa bolti, mkuu. Hata robo mzunguko usikaze. Mguu unatakiwa ukae kwa nguvu ya mikono mpaka vyuma viwili vigusane pande zote. Bolti kazi yake ni kushikilia tu. Ukilazimisha, nguvu yote inapanda kwenye krenki (shafti kuu ya mashine), na alumini ya mahali bolti zinapoingia inapasuka.

Mwanya wa sentimita mbili kwa kawaida ni meno ya shafti: yamegusana ncha kwa ncha na meno ya krenki, hayajapishana. Shusha mguu uangalie mambo haya kabla ya kupandisha tena.

Grisi kwanza. Paka grisi ya baharini, ile isiyooshwa na maji, kwenye meno ya ubavuni tu, tena nyembamba. Kichwa cha shafti, pale juu kabisa, kiwe kikavu. Grisi ya juu hufungiwa ndani ya tundu la krenki, haina pa kutokea, na inausukuma mguu chini kila ukiupandisha. Mafundi wengi wanakosea hapa kwa nia njema.

Halafu bomba la maji linaloshuka kutoka kichwa cha mashine. Lazima ncha yake iingie kwenye mpira ulio juu ya nyumba ya pampu. Paka mpira grisi kidogo au maji ya sabuni. Usipake silikoni, ikimeguka inaziba njia za maji.

Kisha vile vipini vidogo vya kuongozea mguu. Kimoja kikipinda au kikiwa na kutu, mguu unakaa upande.

Ukiwa tayari, weka mguu kwenye nyutro na mkono wa gia juu uwe nyutro pia. Toa plagi zote na uchomoe kamba ya kuzimia. Mmoja ainue mguu ukiwa umenyooka kabisa, mwingine azungushe flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya mashine) kwa mkono, polepole, kufuata mwendo wa saa ukitazama kutoka juu. Meno yakikutana, mguu unapanda wenyewe. Ukibaki mwanya wa milimita chache sasa si meno, ni bomba la maji au kipini.

Rodi ya gia kwenye Enduro huunganishwa kwa nati ya kiunganishi na nati ya kufungia. Ncha mbili zikutane wakati mguu unapanda, lakini uikaze na kuirekebisha mguu ukishakaa na bolti zimeshika.

boti_ya_faiba:
Kama uko peke yako kuna njia rahisi: tia gia ya mbele, inua mguu huku unazungusha propela. Shafti inazunguka, meno yanaingia.

fundi_boti:
Ndugu, hiyo ya gia ya mbele inaharibu impela mpya. Kwenye gia boksi nyingi, ukiwa gia ya mbele na ukazungusha propela kufuata saa (ukiwa nyuma ya boti), inateleza ikilia tiktik na shafti haigeuki. Ukiigeuza kinyume ndipo inashika, lakini sasa shafti inarudi nyuma na mabawa ya impela yanajikunja vibaya. Akiwa peke yake atumie gia ya nyuma, azungushe propela kinyume cha saa. Hapo shafti inakwenda upande wake sahihi. Lakini flaiwili na mtu wa pili bado ni bora.

spea_za_baharini:
Naongeza swali kwa mleta mada: huo mguu ni ule ule uliotoka kwenye mashine hiyo? Ukichanganya mguu mfupi, wa inchi 15, kwenye mashine ya mguu mrefu, wa inchi 20, shafti haifiki kwenye krenki. Mguu utakaa vizuri kabisa bila mwanya, mashine itawaka, na propela haitazunguka wala maji hayatapanda. Mashine inaungua hivyo hivyo.

Kuhusu bolti: safisha nyuzi, zipake grisi, maana chuma cha pua ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi hushikana hadi bolti inakatika siku ya kufungua. Kaza kwa kupishanisha pande. Kipimo cha jumla cha Yamaha cha nguvu ya kukaza ni 18 Nm kwa bolti ya milimita 8 na 36 Nm kwa ya milimita 10. Kitabu cha modeli yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Kama uling'oa pezi dogo lililo juu ya propela, lirudishe kwenye alama yake, la sivyo usukani utavuta upande mmoja.

mvuvi_pangani:
Asanteni wakuu. Mguu ni wa mashine hiyo hiyo. Kichwa cha shafti kweli kilikuwa na grisi nyingi, nimeifuta. Nikishafunga, nitajuaje pampu imekaa sawa kabla ya kuingia majini?

fundi_boti:
Anza na gia, mashine ikiwa imezimwa na plagi zikiwa nje. Nyutro: propela izunguke huru pande zote mbili. Nyuma: ishike pande zote. Mbele: ishike angalau upande mmoja. Nyutro ikiwa inakwaruza, rekebisha nati ya kiunganishi, kisha kaza nati ya kufungia.

Maji, tumia pipa. Yafike juu ya bamba lililo juu ya propela na yafunike pampu. Usiwashe kavu hata kwa sekunde chache. Mpira wa impela unalainishwa na maji yenyewe. Iache ingurume kwa kasi ya chini, maji yatoke kwenye tundu la ukaguzi muda mfupi baada ya kuwaka. Yasipotoka, zima, pitisha waya mwembamba kwenye tundu kwanza, kwa sababu mchanga na chumvi huziba pale mara kwa mara. Tundu likiwa safi na bado kukavu, shusha mguu: ama bomba limepita pembeni ya mpira wake, ama kii ndogo ya impela (kipande cha chuma kinachoifunga na shafti) ilidondoka wakati wa kuteremsha impela kwenye shafti. Kii hiyo ishikize kwa grisi nzito ili isianguke tena.

Gia oili ukiwa uliimwaga, jaza kupitia tundu la chini hadi itoke juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo uondoe mrija na kufunga la chini, kwa washa (pete za kuzibia) mpya.