MJADALA: Mtoto aanze falsafa ya dini kabla hajakomaa kwenye dini yake?

Kaka wa Tororo: Habari zenu wote. Mdogo wangu wa kike kamaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, divinity, yaani somo la dini, ndo lilikuwa somo lake la moyoni, sasa anataka falsafa ya dini chuoni. Mama kakataa katakata, anasema mtoto ataondoka na rozari arudi mikono mitupu. Mwaka jana tulizika mdogo wetu wa mwisho, malaria, na kwenye mazishi mzee mmoja akasema Mungu kachuma ua lake. Usiku nikamkuta dada karibu na sigiri anaandika nyuma ya daftari: "Aliweza kumponya akaacha, huo wema ni wa namna gani?" Kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Sasa nauliza, aanze au angoje?

Hajat wa Bombo: Pole sana mwanangu. Aanze. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliwapinga wanafalsafa kwenye masuala 20, mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd akaja kumjibu baadaye, na wote wawili walikuwa watu wa swala. Kwa Wakristo vilevile, mtawa Anselm alisema Mungu ni yule ambaye huwezi kufikiria mkubwa kumzidi, kwa hiyo lazima awepo kweli, maana angekuwa kwenye mawazo tu angezidiwa na aliyepo. Mtawa mwenzake Gaunilo akambana, je na kisiwa kizuri kuliko vyote kipo kwa vile nimekifikiria? Anselm akaagiza pingamizi hilo linakiliwe pamoja na kitabu chake. Mwenye imani haogopi swali.

Mlokole Jinja: Hajat hao walikuwa wameshaiva. Huyu ana majonzi bado mabichi halafu unampa hoja za kumpinga Mungu hata kutetea hajajua? Asome Biblia kwanza. Na hizo kozi siku hizi wanachanganya na dini za asili wanaita falsafa, babu zetu walikuwa na hofu ya mizimu tu basi.

Lapwony: Hofu ya mizimu TU? Ssebo uliishi na babu wa nani? Wangu alikaa kwenye wang oo, moto wa jioni uani, anaamua kesi ya damu kati ya koo mbili na anatoa sababu moja baada ya nyingine mpaka watu wazima wananyamaza. Usimwite mwoga.

Mlokole Jinja: Babu yako sijamtaja. Hata Mbiti, Mganda mwenzetu na mchungaji, aliandika kwamba Waafrika kila mahali walimjua Mungu.

Boda wa Kisenyi: Mbiti Mganda tangu lini banange, Mkenya yule, alifundisha Makerere 1964 mpaka 1974 ndo mkamzoea. Halafu dakika tano zilizopita ilikuwa hofu tu, sasa walimjua Mungu. Shika moja.

Lapwony: Na hapo kwa Mbiti ndipo Okot p'Bitek, mwandishi na msomi wetu wa Gulu, aligoma. Alisema wasomi kama hao wameivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki, ajuaye yote, awezaye yote, ili ifanane na ya wageni. Fikra zetu zisomwe zilivyo.

Mlokole Jinja: Kwa hiyo jajja wangu aliyekufa anasali alikuwa anasali kwa nani? Nijibu hilo na usinipeleke Gulu.

Lapwony: Jajja wako namheshimu. Naongelea walioandika kwa niaba yake.

Kaka wa Tororo: Dada kakaa na simu yangu tangu mchana anawasoma. Anamuuliza Lapwony, hivi Rubanga, jina la Mungu wanaloliimba Wakatoliki wa Acholi, lilitoka wapi?

Lapwony: Mwambie hivi mwanangu. Okot anasimulia kwamba 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wetu nani kawaumba. Kiacholi hakikuwa na neno hilo la kuumba, swali likatoka kama "nani kawafinyanga?" Wazee wakasema hatujui, mtu anazaliwa na mama yake. Wakabanwa tena. Mmoja akakumbuka kuwa mtu anaweza kuzaliwa mzima kisha kifua kikuu kikamshika uti wa mgongo akapinda, kama amefinyangwa upya. Akajibu, anayefinyanga watu ni Rubanga. Lilikuwa jina la roho mbaya inayoleta kibyongo.

Kaka wa Tororo: Kaliandika daftarini, chini ya lile swali lake. Mama kaomba asomewe.